Gari Lililolala Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba

Asubuhi maji, madumu yote, kutoka bombani mpaka kwa Mama, mama mkwe wangu. Kisha Mama kliniki, presha. Kisha ofisini, nimechelewa. Bosi ameangalia saa ya ukutani halafu akaniangalia mimi. Saa ya chakula binamu wa Mama akapiga simu: ana mbuzi sokoni, jua linawaua, nije niwabebe. Nikaenda. Mmoja alikuwa mgonjwa, akapandishwa ndani kama abiria, akanikojolea kiti cha nyuma.

Mimi ndiye dereva pekee katika ukoo huu mwenye leseni na aliye Lodwar. Esekon, mume wangu, ana leseni, lakini kazi yake iko Kakuma, stoo ya shirika, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo pikapu ni ya familia na mimi ni wa pikapu.

Lakini saa kumi na mbili gari linalala. Hiyo ndiyo sheria pekee hapa mtaani Nawoitorong inayonipendelea. Taa zake zimezeeka, vioo vimekuwa njano kama chai ya maziwa, ya kushoto inaangalia mbinguni. Usiku humwoni ngamia mpaka umguse. Ukoo mzima unajua: jua likizama, usimsumbue mke wa Esekon.

Basi jioni natembea kwa miguu hadi chuoni, madaftari kwapani, na hakuna anayeniita. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Diploma ya ununuzi na ugavi, muhula wa mwisho. Mtihani ni mwezi ujao. Nikiupita natoka kwenye kaunta ya kupokea barua. Mwaka jana sikuufanya, mtoto alikuwa amelazwa. Mwaka huu nitaufanya hata nikiwa nimelazwa mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Shemeji alikuja magharibi. Kuna mgeni wa kuchukuliwa nje ya mji. Nikamwambia taa. Akaenda kuziwasha mwenyewe, akaangalia ukuta, akacheka. "Hii ni kibiriti," akasema, akaenda kutafuta bodaboda. Hakukasirika hata kidogo.

Kwetu mtu hakatai. Kuomba si aibu, kuomba ni haki. Ukiwa nacho na umeombwa, unatoa, kwa sababu kesho utaomba wewe. Kinachokataa ni kitu. Gari limekataa. Simu imekataa. Kisima kimekataa. Ukisema hivyo watu wanasikitika pamoja nawe na mnanywa chai. Nazipenda taa mbovu za gari letu kuliko kitu chochote alichowahi kuninunulia Esekon.

Jumamosi, 11 Oktoba

Esekon amekuja, na mwezi haujafika hata nusu. Nikashtuka, nikadhani amefutwa kazi. Kumbe ana boksi refu kwapani, anacheka peke yake kama mtu aliyeshinda kesi.

Taa ya LED. Ile ndefu, nyembamba kama rula, ya kufungwa juu ya kabini. Kainunua kwa Msomali mmoja mwenye duka la vipuri Kakuma. Akaipachika nyaya kwenye betri ya pikapu pale pale uani, mchana kweupe, na bado ilituumiza macho.

"Si ulikuwa unalia kila siku taa mbaya, taa mbaya?" akasema. "Mimi huko silali. Nafikiria wewe na watoto kwenye ile barabara jua likiwa limeenda."

Ni kweli. Nililia mimi mwenyewe, kila wiki, kwenye simu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikasema asante, nikaenda jikoni, nikakaa kwenye dumu tupu. Zawadi nzuri, mume mzuri, na mimi nataka kuvunja kitu.

Jumapili, 12 Oktoba

Kwa fundi Abdi tangu asubuhi. Huyu ndiye fundi wa umeme wa magari wa mtaa wetu, Msomali wa hapa hapa Lodwar, anaongea Kiturkana kuliko watoto wangu. Nilitumaini atasema taa ni feki. Akaigeuza, akaipima kwa mkono, akasema hii ni mali.

Akatoboa mabano kwenye ile fremu ya juu. Akapitisha waya kwenye nguzo ya kioo, ukaingia chini ya boneti kupitia mpira, usisuguane na bati. Akaweka rilei, akaweka fyuzi yake ndani ya kiboksi cheusi kando ya betri. Swichi kwenye dashibodi, karibu na goti langu la kulia. Esekon alisimama hapo siku nzima akishika bisibisi ambayo hakuna aliyemwomba.

Abdi akaniambia mimi, si yeye: mjini izime, utapofusha watu na polisi watakupenda. Ukiona gari linakuja mbele, izime. Nje ya mji, washa, tembea.

Jioni wakaijaribu nyumbani. Ua wote ukawa mchana, mbuzi wakasimama kama wamepigwa picha. Watoto wakapiga makofi. Mama akatoka na shuka lake, akaliangalia gari, akaanza kuimba. Aliliimbia kama dume la ng'ombe. Wazee wetu walikuwa na dume wa kupendwa, wanampa jina, wanamwimbia, wanainua mikono kama pembe zake. Mama akaliimbia pikapu, lile lenye jicho moja kipajini, na Esekon mtu mzima akainua mikono juu akaruka.

Nilipiga makofi pia. Ningefanya nini?

Jumatano, 15 Oktoba

Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda darasani. Wakaja. Msichana wa upande wa Mama, bomani kwao, nje ya barabara ya Kakuma, uchungu tangu asubuhi na mtoto hatoki.

Utasema nini hapo? Nilivua viatu vya darasani, nikavaa malapa, nikaendesha. Taa inafanya kazi, Mungu wangu inafanya kazi. Niliona kila kichaka, kila jiwe, mchanga wa laga, ule mto mkavu, wote hadi ng'ambo. Tukamfikisha hospitalini. Mtoto wa kike, mkubwa, analia vizuri. Wamempa jina langu.

Nimefurahi. Nimekasirika. Sijui ni lipi lilianza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Darasa nimekosa. Mazishi. Kubeba viti.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu, hakuna darasa. Nikasema leo nitasoma. Kreti za soda za harusi, mara mbili. Halafu shangazi aliyesahau simu kwa dada yake.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimegundua jambo. Kule kwetu ni tambarare, na taa hii inaonekana kutoka mbali sana. Zamani nilipita njiani kama mtu yeyote. Sasa wananiona kabla sijajua kuna mtu. Nikikaribia, wako kando ya njia tayari: mgonjwa kwenye ngozi, gunia la makaa, mwanamke na kuku wake, mzee anayetaka tu kusalimia. "Ejok! Ejok! Tuliona taa." Gari linajaa kabla sijazima injini.

Leo nilijaribu kuzima na kupita kwa taa za zamani. Sikufika mbali. Kitu kirefu kilisimama mbele yangu, nikafunga breki. Ngamia. Aliniangalia kwa dharau, akaenda zake. Niliwasha tena, na nje ya mwanga watu walikuwa wameanza kuja.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimefika darasani robo saa kabla ya kuisha. Mwalimu Ewoi akanionyesha rejista ya mahudhurio. Akasema nikikosa zaidi ya hapo, hataweza kuniruhusu kufanya mtihani. Si mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. Nilisikia aibu zaidi.

Nikampigia Esekon, nikamwambia yote. Akanisikiliza. Kisha: "Lakini si ni watu wetu?" Ndiyo, ni watu wetu. "Na wewe unaendesha vizuri." Ndiyo, naendesha vizuri. Nikakata simu nikasema mtandao umekataa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimetoa fyuzi.

Nilifungua boneti kama naangalia maji, nikafungua kile kiboksi cheusi, nikaichomoa. Kitu kidogo, hakizidi ukucha. Iko ndani ya kibegi changu cha kalamu. Shemeji akaja na safari yake ya jioni, akabonyeza swichi, giza. Akabonyeza tena. "Imekataa," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na huzuni nzuri kabisa.

Nikaenda darasani. Nimekaa mbele. Nimeuliza maswali mpaka wenzangu wakachoka.

Jumatano, 29 Oktoba

Darasa. Nimerudi polepole, nikanunua mandazi, nikala njiani peke yangu kama msichana asiye na mtu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Darasa tena. Nikirudi, nikamkuta Mama amekaa kando ya gari, mkono juu ya bampa, kama mtu anayemuuguza mnyama. Akaniuliza linaumwa wapi. Hapo moyo ulinichoma.

Jumamosi, 1 Novemba

Esekon alimpigia Abdi bila kuniambia. Abdi akaja na kisanduku chake. Mama, shemeji, watoto, jirani, wote wamezunguka. Akafungua kile kiboksi na kuangalia kwa muda.

"Fyuzi hakuna," akasema. "Na fyuzi haina miguu. Hii imetolewa na mtu."

Niliangalia chini nikingoja waniangalie. Hakuna aliyeniangalia! Haikuwapitia akilini. Nani atafunga jicho la gari lake mwenyewe? Mama akashika kifua. Akasema hii ni wivu. Kuna mtu ameona tunavyosaidia watu, roho ikamuuma. Jirani akakubali, akasema ana hakika.

Abdi akaweka fyuzi mpya. Mwanga ukarudi. Mama hakuimba.

Jumapili, 2 Novemba

Asubuhi misa, mchana mbuzi.

Mama alimwita mzee anayejua mambo haya. Mbuzi mweupe akachinjwa mbele ya pikapu. Mzee akachukua majani mabichi ya tumboni mwa mbuzi, akayapaka kwenye boneti, milango, magurudumu, na juu kabisa, akapandishwa kwa mikono, kwenye ile taa. Kisha udongo wa emunyen, mstari mweupe toka kioo hadi bampa. Akasema maneno, sisi tunaitikia. Aliyefanya hivi, asirudie. Akirudia, tumbo lake livimbe, lifure kama la huyu mbuzi.

Na mimi niliitikia. Sauti yangu ilikuwa humo pamoja na za wengine. Nimesoma, nina cheti, nafanya kazi serikali ya kaunti, naamini katika Bwana Yesu. Na kuanzia mchana huo siwezi kusogeza mkono karibu na kile kiboksi cheusi. Nimejaribu jioni hii. Nilifungua boneti, harufu ya mbuzi ikanipiga, nikaifunga.

Nilikula nyama. Tumbo limekaa vibaya tangu hapo. Najua ni mafuta.

Jumatano, 5 Novemba

Pikapu imekauka, inanuka zizi. Ofisini wameniuliza kama nafuga.

Darasa nimewahi nusu.

Jumatatu, 10 Novemba

Wagonjwa wawili, mahari moja. Hiyo ya mahari, nilibeba wazee wa upande wa bwana harusi hadi wakabishane na wazee wa upande wa bibi harusi, nikawangoja, nikawarudisha. Njia nzima mzee mmoja ananisifu: mke wa Esekon hajui neno hapana. Wenzake wanaitikia. Nilitaka kusimama katikati ya barabara nipige kelele.

Nasoma saa ya chakula, chini ya meza ya kaunta, kama mwanafunzi anayejificha. Mwalimu Ewoi ameniruhusu kufanya mtihani. Amesema ni kwa ajili ya zile siku nilizouliza maswali. Mtihani ni Jumatano ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi. Karatasi moja tu iliyobaki. Nikiikosa, ni mwaka mwingine mzima kaunta, na sidhani nitaanza tena. Najijua.

Nimemwambia Mama tarehe. Nimemwambia Esekon, shemeji, hata yule jirani. Wote wamesema Mungu akusaidie.

Jumapili, 16 Novemba

Kimya. Sikiamini.

Jumanne, 18 Novemba

Naandika mkono ukiwa mzito.

Nilikuwa nimeomba ruhusa ofisini, nimekaa nyumbani nasoma. Baada ya chakula cha mchana Mama akaja. Kaka yake, ambaye sote tunamwita Mjomba, amelazwa Kakuma tangu wiki iliyopita. Ini. Madaktari wamesema arudi nyumbani, yaani hakuna la kufanya. Na yeye amesema hataki kufia ndani ya kuta, anataka kufia bomani kwake, karibu na ng'ombe wake. Mama amesema twende sasa, tumchukue, tumpeleke, usiku tutarudi.

Niliipiga hesabu nikiwa nimekaa. Kakuma. Karatasi za hospitali. Kule ndani bomani kwa mchanga. Watu watakaoiona taa njia nzima. Wakishafika, dua, chai, mbuzi, wengine wa kurudishwa. Nawajua hawa. Tungerudi Alhamisi.

"Kesho nina mtihani, Mama."

"Taa iko," akasema. Yaani usiku si kitu, utarudi.

Nikachukua funguo mezani, lakini sikusimama. Aliniangalia, na nadhani aliona kitu, kwa sababu alilainisha sauti. Akauliza polepole, kama anamuuliza mtoto: "Gari imekataa?"

Alinifungulia mlango yeye mwenyewe. Ningesema ndiyo, imekataa, ingeisha hapo. Tungesikitika pamoja, angetafuta usafiri mwingine, na mimi ningebaki mke mwema wa Esekon. Sijui kwa nini sikupita mlango ule. Labda uchovu. Labda yule mbuzi.

"Gari haijakataa," nikasema. "Ni mimi. Mimi ndio nimekataa."

Nimeishi na huyu mama tangu niolewe. Sijawahi kuona uso wake ukifungwa namna ile. Hakupiga kelele. Hakulaani. Alijifunga shuka, akachukua fimbo yake, akatoka kwenda steji kutafuta gari la Kakuma. Kwenye jua lile, mwanamke wa presha.

Nilisimama mlangoni mpaka simwoni. Funguo zilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kumfuata kabla hajafika barabarani.

Nikaingia ndani, nikafungua kitabu. Sikuelewa hata mstari mmoja.

Jumatano, 19 Novemba

Nimefanya mtihani.

Swali la tatu: eleza jinsi ya kumjulisha mzabuni kwamba amekataliwa, bila kuharibu uhusiano naye. Nilicheka kwa sauti. Msimamizi akaja akasimama nyuma yangu. Niliandika kurasa mbili, nikataja barua ya heshima, sababu za wazi, na kumkaribisha aombe tena siku nyingine. Naamini nimepata alama zote.

Nje nilikaa juu ya jiwe nikalia kama mtu aliyefeli.

Alhamisi, 20 Novemba

Esekon amepiga. Hakuwa na hasira, hilo ndilo baya. Mama alilala kwake Kakuma, sakafuni, alikataa kitanda. Asubuhi walitafuta gari wakakosa. Mwishowe wakapata lori la mbuzi lililokuwa linashuka Lodwar. Walimlaza Mjomba nyuma juu ya magunia, Mama amekaa kichwani kwake anamkinga jua kwa shuka, mbuzi wamewazunguka. Lori likakubali kuingia hadi bomani.

Alifika hai. Aliwaona ng'ombe wake.

"Umefanya mtihani?" Esekon akauliza.

"Nimefanya."

"Haya."

Jumanne, 25 Novemba

Mjomba amefariki. Bomani, kwenye ngozi yake, alfajiri, kama alivyotaka. Hakuna aliyesema ni kosa langu. Hakuna anayeweza kusema. Lakini jambo linalosimuliwa si kwamba alifia nyumbani. Ni kwamba mzee yule, mwenye mifugo ile, mwenye mpwa aliye na gari, alirudishwa kwao na lori la mbuzi.

Alhamisi, 27 Novemba

Mazishi. Nilienda na pikapu, Esekon kando yangu. Nikaegesha pale ambapo huegesha, nikaacha milango wazi, nikangoja kuambiwa nibebe nini.

Hakuna aliyeniambia. Maji yalihitajika. Niliona wanawake wakifunga madumu juu ya punda, wakaenda kisimani, mbali, wakarudi, wakapita kando ya pikapu tupu. Nikasimama mbele ya mmoja nikasema niende mimi. Akasema, kwa adabu sana, "Hapana, mama. Usijisumbue."

Mama wa yule mtoto mwenye jina langu alikuwepo. Alinisalimia. Hakunipa mtoto nimshike.

Jumatano, 3 Desemba

Sasa nina jioni. Zote. Darasa limeisha, matokeo hayajatoka, na kuanzia saa kumi na mbili hakuna mtu mlangoni. Mchana pia hakuna. Binamu wa Mama hubeba mbuzi wake kwa mkokoteni. Shemeji hupita na bodaboda, anapunga mkono, anaenda. Simu inakaa mezani siku nzima kama sahani iliyooshwa.

Hiki ndicho nilichokitaka. Nimekipata. Nakaa mbele ya nyumba nikisikiliza redio ya jirani, na naona kuta zimekaribia zaidi kuliko wakati ule wa safari.

Leo nilimpelekea Mama maji kwa mkono, kwa kuwa haombi tena nimchotee. Akapokea. Akasema, "Asante."

Mtu wa nje hataelewa. Mama kwa watu wake hasemi asante. Anapokea tu, anaendelea na mambo yake, kwa sababu kilicho chako ni chake na chake ni chako. Asante ni ya mwenye duka. Ni ya daktari. Ni ya mzungu aliyepiga picha. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 6 Desemba

Esekon yuko. Aliuliza kama aitoe ile taa, aiuze. Nikasema iache, imekosa nini?

Tukiwa wawili nikamwambia juu ya fyuzi. Akageuka akaangalia pikapu, nikaanza kujuta. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho. "Mbuzi mzima," akasema. "Mweupe!" Halafu akaacha kucheka. "Usimwambie Mama."

Sitamwambia. Hilo nalo nitalibeba.

Kisha alienda kuongea na Mama, sijui maneno gani, alikaa kwake mchana kutwa. Alipotoka hakunieleza.

Jumapili, 7 Desemba

Misa. Mama amekaa benchi lingine.

Jumatano, 10 Desemba

Upepo tangu asubuhi, vumbi kila mahali, nimefagia mara tatu bure. Ofisini hakuna jipya. Matokeo bado.

Jioni nilikuwa napika uji wa watoto. Kivuli kikaingia mlangoni, nikadhani ni mtoto. Ni Mama. Hakuingia, hakukaa. Alisimama na kikombe kitupu mkononi, akiangalia sufuria, haniangalii mimi.

"Sukari iko?"

Nikasema iko. Mikono ilikuwa na unga, nikaipangusa kwenye gauni, nikatoa pakiti yote, haijafunguliwa. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nimekiandaa kwa siku nyingi, tena kwa Kiturkana kizuri. Kikapotea.

Akaichukua pakiti, akaiweka kwapani chini ya shuka. Kisha akaingia hadi kwenye sufuria, akaonja uji kwa kidole, akasema ni mwepesi, niongeze unga. Kisha akageuka akaenda zake na sukari yangu.

Hakusema asante.